Tarehe ya Penseli

Sista Leokadia hakuniuliza kama nina furaha au hofu.
Aliuliza: "Damu ya mwisho uliiona lini?"
Nikamwambia, usiku wa kwanza wa giza,
taa za dagaa zilipoanza kujipanga ziwani
na baba yako amekopa betri mpya.
"Mimi naandika tarehe," akasema. "Siandiki taa."

Tukaiteremsha kalenda ukutani, ile ya duka la nyavu.
Giza la Julai lilianza tarehe tatu.
Akaongeza siku saba: kumi.
Akarudi nyuma miezi mitatu,
kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani:
Juni, Mei, Aprili.
"Tarehe kumi Aprili." Akaiandika kwa penseli.
Kalamu ilikuwepo. Niliiona, nyekundu, nyuma ya sikio lake.

Wiki arobaini, mwanangu. Siku mia mbili na themanini.
Na wiki mbili za kwanza hukuwepo.
Hata baba yako hakuwepo, alikuwa Goziba
akigombania sufuria na wenzake.
Wewe ni wa kwanza katika ukoo huu
kuandikiwa mahudhurio kabla ya kufika.

Bibi yako Mbuke alikuwa akigeuza dagaa kwenye chanja.
Hakuinua uso.
"Damu imekata gizani? Hesabu giza tisa, ongeza nusu.
Utajifungua mwezi mpevu,
mitumbwi ikiwa mchangani, wanaume wamelala.
Angalau mara moja mumeo atakuwa karibu."
Nikaenda kuhesabu. Mwezi mpevu wake ulianguka tarehe tisa.
Yeye na sista, ambao hawajasalimiana vizuri
tangu ule ugomvi wa majivu kwenye kitovu,
walipishana siku moja tu.

Kisha mashine ya mjini ikaingilia.
Kirumba, mafuta ya baridi tumboni,
kijana mwenye miwani akapima kichwa chako, akapima paja:
"Ishirini na moja Aprili."
Nikairudisha karatasi Kayenze kama mtu anayerudisha kesi.
Sista akaisoma, akaikunja.
"Ungekwenda mimba ikiwa changa, ningefuta yangu.
Miezi saba kila mtoto ana mwili wake.
Huyu labda ana paja fupi, kama la Mbuke."

Tarehe kumi ikaja na mvua.
Beseni tayari, wembe, glovu, pamba, kanga tatu.
Nikakaa kizingitini nikikusubiri kama mgeni wa basi.
"Bado?" majirani wakauliza.
Bado.
Kumi na moja. "Bado?"
Kumi na mbili nikaanza kupita nyuma ya nyumba
ili nisionekane na tumbo langu.

Sista akaweka kile kipembe chake cha mbao, akasikiliza mpaka nikaogopa.
"Hajachelewa. Thelathini na saba mpaka arobaini na mbili,
kote huko ni uani kwake.
Mimi nilimwekea kiti. Sikumfunga kamba."

Tarehe kumi na nne mwezi ulichelewa kuchomoza.
Kati ya magharibi na saa tano palibaki kipande cha giza,
na wavuvi wa mwalo wetu hawaachi kipande.
Baba yako akatoka na taa.
Saa nne uchungu ukanishika kiunoni,
nikamwita Mbuke, naye akamwita sista. Kwa jina.

Bibi alikuwa ameweka majina mawili:
Kabula, ukija na mvua;
Limi, ukija na jua.
Ulikuja alfajiri, mvua imekatika, mbingu imefunga,
bati likidondosha maji kwenye ndoo.
Mpaka leo tunabishana
kama matone ya bati yanahesabiwa mvua.

Kwenye kadi sista hakuifuta kumi.
Aliandika kumi na tano pembeni yake, kwa ile kalamu nyekundu.
Baba yako akaingia, magamba mikononi, akaogopa kukushika.
Akauliza, "Leo tarehe ngapi?"
Wanawake watatu tukatazamana.